Jaza na Vijiti Vinne vya Memori

Shemeji yangu hagusi tena kompyuta. Mpelekee moja leo, hata kama tatizo lake ni waya uliochomoka tu, atakuelekeza kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara, halafu atainama aendelee na chaja yake ya simu. Siku hizi anatengeneza chaja, redio, pasi na feni. Wasiomjua humwona fundi mpole, mtu wa watu asiyepandisha sauti. Mimi ninayemjua nasema huo si upole hata kidogo. Mtu huyo alivunjika, na mimi nilikuwepo akivunjika.

Zamani mtaa mzima ulimwita Jaza. Jina alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimletea kompyuta nzito, jibu lake lilikuwa, "Jaza memori." Inazimazima? "Jaza memori." Inavuma? "Hiyo inahema, mzigo umeizidi. Jaza." Alikuwa na somo lake moja, na kila mteja alilipata kwa sauti ile ile, bisibisi mkononi na skrubu kadhaa zimebanwa midomoni. Diski ni stoo ya kuwekea vitu, memori ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa finyu utashinda unainuka kwenda stoo na kurudi, ikiwa pana unatandaza kila kitu na kazi inakwenda. Mteja akitikisa kichwa, Jaza alichukua kijiti cha memori, kile kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, akakichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, akawasha, na mashine kweli ikawa nyepesi. Mara nyingi alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomponza.

Dada yangu alimpata kwa njia hiyo hiyo. Dada alikuwa akichapa barua za watu kwenye chumba kidogo jirani na mahakama, na kompyuta yake ilikuwa ikifungua barua moja kwa muda wa kutosha kuchemsha chai. Jaza akaitwa, akaongeza memori, akaenda zake. Kesho yake akarudi bila kuitwa, eti amekuja kusikiliza kama feni inazunguka vizuri. Keshokutwa akaja tena kusikiliza feni. Mama alipopata habari akasema masikio ya kijana huyo lazima yana ugonjwa, bora dada aolewe naye mapema kabla hayajaziba.

Basi akawa shemeji, na utani ukaanza. Nikisahau kitu kidogo tu, utamsikia, "Shemeji, lete kichwa hicho nikiongezee memori." Nami namjibu kwamba chake kimejaa vumbi, akipulize kwanza kama anavyopuliza mashine za watu. Mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi aliotuzaa, wala hakuona haja ya kuficha. Alimwita baba. Akija kututembelea, minofu yote ya siku ile ilihamia sahani yake, na mimi na dada tukabaki kutazamana.

Nyumba ya mama ilikuwa mkiani mwa mtaa, vyumba viwili na ukumbi. Marehemu baba aliijenga tofali baada ya tofali, akafariki kabla ya kupiga plasta ukuta wa nyuma, na mama hakutaka mtu mwingine aumalizie. Mimi niliishi naye na kushonea ukumbini, penye dirisha la barabarani. Hiyo ndiyo nyumba ninayoisimulia. Ukiisahau utaona hii ni hadithi ya kompyuta.

Siku moja tukaamka tukakuta kuta zetu zote zimechorwa alama nyekundu. Barabara kubwa ilikuwa inapanuliwa. Mwenyekiti wa mtaa alikimbilia ofisi inayohusika, akarudi amenywea. Kwenye kumbukumbu zao, alituambia, sehemu yetu imeandikwa kuwa uwanja mtupu. Sisi ni wavamizi. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi: tukipeleka ramani iliyopimwa kitaalamu, inayoonyesha kila nyumba iliposimama, kabla ya tarehe waliyoitaja, basi kila nyumba itakayoonekana humo itatambuliwa na mstari wa barabara utasogezwa upande wa pili. Nyumba isiyoonekana itahesabiwa kibanda cha uvamizi, na itaondolewa.

Tulikuwa na bahati ya kuwa na Mpimaji. Huyu ni mzee mstaafu wa mtaani kwetu, maisha yake yote alipima ardhi za watu, na alipostaafu akajinunulia droni ya kupigia picha kutoka juu. Aliirusha juu ya mapaa yetu siku nzima, ikapiga maelfu ya picha ndogo ndogo zilizopandana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuziunganisha kwa programu ziwe ramani moja. Hapo ndipo kompyuta yake ya kupakata ilipokata roho, ikafa kabisa, haikuwaka tena.

"Programu hii ina njaa ya memori," Mpimaji alituambia kwenye kikao. "Nahitaji kompyuta ya mezani yenye giga mia moja ishirini na nane. Nikipata pungufu, itabidi niikate ramani vipande vipande, na tarehe nayo haitungoji."

Jaza akasimama. Ninamwona hadi leo, shati limechomekwa upande mmoja tu.

"Hiyo niachieni mimi," akasema.

Tulichanga, kila nyumba na uwezo wake. Mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vitu vyote ndani ya kompyuta, ilipatikana mpya, ikiwa bado kwenye boksi lake. Vijiti vinne vya memori, vile vikubwa kabisa, navyo vikapatikana. Mchango ukaishia hapo. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, Jaza akaichomoa kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi iliyofungwa. Iliingia kwenye ubao vizuri, ikabana, na yeye akaridhika.

Nilikuwa kwenye kibanda chake cha ufundi siku ya kuiunganisha mashine, nimempelekea chakula. Mpimaji alikuwa ameketi kwenye stuli, kadi yenye picha za droni yake mfukoni.

"Ubao wako unabeba memori kiasi gani?" akauliza.

"Mia na ishirini na nane, mzee. Boksi hili hapa, soma mwenyewe."

"Na prosesa?"

"Prosesa si inakaa juu ya ubao, mzee? Mwenye nyumba akikubali, mpangaji atakataa vipi?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Mpimaji hakucheka. "Siku hizi prosesa ndiyo inayoiendesha memori moja kwa moja," akasema. "Ubao una kikomo chake na prosesa ina chake, na unakwenda na kile kilicho kidogo. Hiyo yako ni ya zamani. Nadhani mwisho wake ni sitini na nne."

"Unadhani, mzee."

"Nadhani."

"Mimi naona matundu manne na vijiti vinne. Tundu la nne wameliweka la mapambo?"

Kicheko kingine. Mpimaji ni mtu mstaarabu, si wa kubishana mbele za watu, na yeye mwenyewe kompyuta ilikuwa si fani yake. Akaliacha hapo.

Mara ya kwanza mashine haikuwaka. Skrini ilibaki nyeusi, feni zinazunguka tu. Jaza akachomoa, akapangusa meno ya vijiti kwa raba ya kufutia penseli, akavibadilisha nafasi. Ikabaki nyeusi. Akaacha viwili, ikawaka, akaingia kwenye mipangilio ya ndani akapunguza kasi ya memori, kisha akarudisha vyote vinne. Safari hii skrini ikameta. Na pale juu, wote tukaiona ile namba: mia moja ishirini na nane.

Kelele zilizopigwa hapo! Mtu alimbeba Jaza juu juu. Nami nilipiga vigelegele, kwa nini nisipige?

"Umeipima?" Mpimaji akauliza kelele zilipotulia. "Nasikia kuna programu ya kupima memori."

"Ipo, inashinda siku nzima. Mzee, kwetu sisi mafundi, ikiwaka imekubali."

Na hakusema uongo. Ndivyo walivyofanya kazi mafundi wote wa barabara ile. Mteja amesimama kichwani mwako, anataka mashine yake. Ubao umetoka kwenye mashine nyingine, karatasi zake za maelezo hakuna aliyewahi kuziona. Unachomeka, unawasha, namba inatokea, mteja anashukuru, anaondoka. Ikirudi, unachomeka nyingine. Hakuna kazi hata moja pale ambayo kosa lake lisingeweza kurudishwa mezani kesho yake.

Mpimaji alikuwa na kazi nyingine ya kupima shamba, mbali, safari ya siku mbili, na mwenye kazi alikuwa akimpigia simu kila saa. Kamera ya droni yake ilikuwa na kadi hiyo moja ya kuhifadhia picha. Jaza akamwambia ahamishie picha zote kwenye mashine mpya, aifute kadi, aende zake, yeye ataiangalia programu. Mzee akasita. Akaitazama ile namba kwenye skrini, akatutazama sisi tuliojaa mlangoni. Picha zikahamishwa. Akamfundisha Jaza vitufe vya kubonyeza, akaifuta kadi, akaondoka na droni yake.

Programu ikaanza kazi. Ilifika katikati, skrini ikawa ya bluu, mashine ikajizima. Jaza akasema ni umeme. Akaanza upya. Ikazima tena. Akasema ni joto. Mama aliposikia mashine ina joto, aling'oa feni yake chumbani akanikabidhi nimpelekee, na yeye akawa analala mlango wazi. Jaza akaielekeza kwenye mashine, akaanza upya. Ikazima mbali kidogo kuliko mara zilizopita, na yeye akaona ni maendeleo.

Dada alikuwa ameanza kuona. Mke humsoma mumewe hata akiwa amempa mgongo. "Mpigie Mpimaji," akamwambia. "Mwambie inazima."

Alimpigia, nami nikiwepo, nikisikia sauti ya mzee ikitoka kwenye simu. "Chomoa viwili," mzee alisema. "Fungua picha chache uone kama ziko salama. Zikiwa na kasoro niambie sasa hivi, niirudishe droni. Siku bado zipo."

"Sawa, mzee. Nimekuelewa."

Akakata simu. Akakaa anaitazama mashine yake na vijiti vyake vinne vilivyojipanga. Hakuchomoa. Akafungua picha moja tu, ya kwanza kabisa, ikafunguka safi, paa la duka la kona na paka amelala juu yake. "Si mnaona?" akasema. Akapunguza kasi ya memori tena kidogo, akabonyeza kitufe cha kuanza.

Hapo ndipo ninapomkasirikia. Siyo kwa kukosea. Nimeshonea watu magauni yakawabana, najua kukosea. Aliulizwa na mtu aliyeweza kutuokoa, siku zikiwepo, akajibu sawa mzee. Alishabebwa juu juu na watu, na kushuka hakuweza.

Ramani ikakamilika. Ilikamilika alasiri, kesho yake ndiyo tarehe ya mwisho. Habari ikaenea, watu wakafurika kibandani, wengine wakachungulia dirishani. Na lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Mtaa wetu tunaoujua kwa matope na kelele ulikuwa umetandazwa pale umetulia, kila paa na kivuli chake, hata nguo za watu kwenye kamba. "Paa langu hilo!" "Pipa letu la maji lile pale!" Mwenyekiti alikuwa akipangusa macho na wala hakujificha. Jaza akawa anaisogeza ramani taratibu, mtu mmoja mmoja akijiona.

Mama akasubiri zamu yake. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, kana kwamba ni yeye anayepigwa picha.

"Baba, twende mkiani sasa," akasema. "Nionyeshe kwangu."

Jaza akasogeza. Baada ya nyumba ya mwalimu, ramani ikaisha. Palikuwa peupe. Siyo ukingo, kwa sababu mbele yake mfereji ulionekana vizuri na mti wa jirani. Palikuwa na shimo jeupe lenye pembe zilizokatika ovyo, mahali penye nyumba yetu na nyumba ya fundi viatu.

"Pameshikwa na mwanga," Jaza akasema. Akakuza. Peupe pakawa pakubwa zaidi. Akafungua picha za upande ule, moja moja. Ya kwanza ilikuwa nusu, chini yote kijivu. Ya pili haikufunguka. Ya tatu mistari ya rangi tupu. Watu wakaanza kutoka kibandani kimya kimya, kama wanavyotoka kwa mgonjwa. Yeye akaendelea kufungua picha.

Mpimaji alipopigiwa simu alielewa mara moja. Alisema prosesa ilikuwa imebebeshwa memori inayozidi uwezo wake. Inawaka, inaonyesha namba, lakini vitu vinavyopita humo vinaharibika bila kelele. Picha zile ziliharibika tangu zilipokuwa zinahamishwa, na programu iliporuka zisizosomeka ikaacha tundu. Droni ilikuwa pamoja naye, safari ya siku mbili. "Mimi pia niliiamini ile namba," akasema. "Nisingefuta kadi." Nasikia hadi leo anajilaumu. Mimi simlaumu.

Kikao kilifanyika hapo hapo nje ya kibanda. Kupeleka ramani yenye tundu ni kuzitupa nyumba mbili. Kutoipeleka ni kuutupa mtaa. Hakuna aliyetaka kulisema hilo, na fundi viatu alikuwa amekaa chini ameshika kichwa. Mwenyekiti akaanza maneno marefu yasiyo na mwisho. Mama akamkatiza.

"Pelekeni," akasema. "Watoto wa watu wote hawa walale wapi?"

"Mama, nitakwenda mimi mwenyewe kuwaeleza," Jaza akasema. "Kosa ni langu, watanisikiliza."

"Najua, baba."

Alikwenda. Walimsikiliza, tena kwa adabu. Wakaipokea ramani, wakaisifu. Kuhusu nyumba mbili, wakasema alete kipande kilichopungua. Mpimaji aliporudi, alichomoa vijiti viwili, mashine ikafanya kazi bila kuzima hata mara moja. Droni ikaruka, kipande cha mkiani kikapatikana kwa muda mfupi, nyumba yetu hiyo, na mama amesimama mlangoni anaitazama droni. Jaza akakimbia nacho ofisini. Tarehe ilikuwa imepita. Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Hatimaye wakamwambia aache kuwasumbua.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda. Katapila lilibaki barabarani likinguruma, na ofisa kijana akaja mlangoni na karatasi kubwa iliyokunjwa. Akaikunjua. Ilikuwa ramani yetu, imechapwa kwa rangi, kubwa kama shuka.

"Mama, nyumba hii haipo," akasema.

Mama alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Akautazama mlango, akamtazama ofisa. Nilidhani atacheka.

"Haipo vipi, mwanangu, na umepiga hodi?"

"Kwenye ramani, mama. Mlioileta wenyewe." Akaweka kidole penye peupe. Hakuwa mkatili, hata sauti yake ilikuwa ndogo. "Sisi tunafuata ramani."

Mama akageuka. Jaza alikuwa nyuma yetu, amefika tangu alfajiri, hajanawa uso.

"Baba, mwambie," mama akasema. "Ramani hii umeitengeneza wewe. Mwambie kwamba hapa pana nyumba."

Jaza akasogea. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila mteja, aliyekuwa na somo la meza na stoo, alisimama mbele ya mama yangu. Akamtazama ofisa, akaitazama karatasi. Kisha akapita katikati yetu, akaingia ndani, akaanza kutoa vitu. Alitoa godoro la mama. Akatoa masufuria. Akarudi akashika kabati la nguo peke yake, kabati ambalo huhitaji watu wawili, akawa analivuta huku analia kwa sauti, bila aibu, miguu ya kabati ikichimba sakafu.

Nilimchukia siku ile. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, wala kabla wala baada. Nikaingia, nikashika upande wa pili, tukalitoa.